Sinia Lisilovunjwa

Bi Thoa wa mtaa wa Hang Ma, pale Hanoi ya zamani, aliweza kumtoa mbwa ndani ya balungi. Si mbwa wa kubahatisha, wa kuambiwa na mtu kwamba huyu ni mbwa ndipo umwone. Mbwa kweli, mwenye manyoya meupe yaliyochambuka, masikio yaliyolala, macho mawili ya maharage meusi, na sura ya kutaka kukuuliza unatafuta nini hapa. Alilimenya balungi, akatenga vipande, akakivua kila kimoja utando wake kwa kucha, akakipindua mpaka nyama ikachanua, kisha akakichomeka kwa kijiti cha meno kwenye kiwiliwili. Ukiurarua utando kwa pupa, maji yanatoka na mbwa wako anapata upele. Bi Thoa hakuwahi kutoa mbwa mwenye upele.

Kazi hiyo alifundishwa na mama mkwe wake, mwaka alioolewa, wakati ndege za vita zilikuwa bado zinapita juu ya mji. Mwaka ule kichochoro kizima kilikuwa na balungi moja. Vingine vyote juu ya sinia la watoto, la sikukuu ya mwezi mpevu, vilikuwa viazi vitamu vya kuchemsha, na pembeni taa ya nyota iliyoundwa kwa karatasi za magazeti. Thoa akiwa bi harusi wa miezi michache alishinda mchana kutwa akimtengeneza mbwa wake mdogo, ukubwa wa ngumi. Mwezi wa usiku wa kumi na tano ulipopanda juu ya mapaa, mama mkwe akapiga kitako cha sufuria kwa mwiko, akasema, "Vunjeni." Watoto wakaliangukia sinia. Kufumba na kufumbua, mbwa hakuwepo.

"Unalia nini wewe?" mama mkwe akamuuliza.

"Silii, mama. Moshi."

"Moshi wa nini, na moto tumeuzima? Sikiliza. Ulimtengeneza aliwe. Sinia la watoto likilala zima mpaka asubuhi, nyumba hiyo ina msiba."

Maneno hayo yalimkaa. Akashona kola za mashati kiwandani mpaka macho yakachoka, akamzika mume, akamwoza binti yake wa pekee huko kusini, na katika miaka yote hiyo, mwezi wa nane ulipojaa, sinia lilipangwa uani na likavunjwa uani. Mwaka wenye kitu lilikuwa na topetope, makomamanga, ndizi mbivu, na pepeta za kijani za mpunga mchanga zilizofungwa katika jani la yungiyungi. Mwaka wa dhiki mkate mmoja wa mwezi, ule mtamu wa sikukuu, ulikatwa kwa uzi, kipande kwa kila mtoto, na aliyepata chenye kiini cha yai akawaringia wenzake hadi mwaka mpya. Mbegu za balungi zilitungwa kwenye waya na kuanikwa, na usiku wenyewe watoto wakaziwasha zikaungua kwa sauti ya kupasuka na harufu ya ganda. Ndiyo ilikuwa sikukuu. Nani alihitaji zaidi?

Siku hizi wanahitaji zaidi. Mikate ya mwezi imevikwa masanduku ya bati yenye mahameli ndani na kitasa cha dhahabu, na hailiwi, inatembea. Mfanyakazi anampa bosi, bosi anampa bosi wake, naye anampa daktari wa mama yake, mpaka sanduku linamrudia aliyelinunua, na mkate ndani umekwisha kuwa tofali. Mtaa wa Hang Ma wenyewe, uliokuwa wa taa za karatasi, umejaa taa za plastiki zinazoimba wimbo mmoja usioisha, na hakuna anayenunua hata hizo. Watu wanakuja kupiga picha. Wauza taa wameona isiwe tabu, wametundika vibao: ukitaka picha, lipa. Bi Thoa alikisoma kibao cha kwanza mara mbili, akidhani macho yanamdanganya, halafu akaenda zake nyumbani akiwa amesahau alichotoka kununua.

Nyumba ilikuwa ya ukoo wa mumewe. Yeye alikuwa na chumba cha juu. Chini pamoja na ua vilimwangukia Kien, mtoto wa shemeji yake, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye maneno matamu na simu mbili. Mwaka uliopita Kien alipageuza pale chini kuwa mgahawa. Ua ukapakwa rangi ya manjano, ukawekwa viti vya mianzi, na kwa mara ya kwanza tangu Bi Thoa aolewe, usiku wa kumi na tano ulipita bila sinia, kwa sababu uani walikaa wateja. Watoto wa kichochoro walichungulia mlangoni, wakaondoka. Bi Thoa alikuwa dirishani juu akiwaona. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyomwambia mtu yeyote.

Kwa hiyo mwaka huu Kien alipopanda ngazi na sanduku jekundu mkononi, alimkuta ameshajiandaa kununa.

"Mama mkubwa, nimekuletea mikate ya mwezi."

"Kakupa nani?"

"Nimenunua."

"Kien."

"Basi, nimepewa. Lakini sijalifungua."

"Wala aliyekupa hakulifungua. Wala aliyempa yeye. Liweke pale, wiki ijayo utakuja kulichukua umpelekee mwingine."

Kien akacheka, akakaa sakafuni miguuni pake kama alivyokuwa akikaa utotoni. Akaeleza. Watu wanataka vitu vya zamani. Wanakodi nguo, wanakuja na watoto wao, wanakaa mbele ya sinia la asili wanapigwa picha. Migahawa mingine yote inapanga matunda ya plastiki. Wao wangekuwa na sinia la kweli, na mbwa wa kweli, na mwenyewe aliyemtengeneza.

"Wanakaa na sinia wakifanya nini?" akauliza Bi Thoa.

"Wanakaa tu."

"Kama wagonjwa."

"Ni wiki mbili tu, mama mkubwa. Kazi yenyewe unaipenda. Nani mwingine mjini hapa anaijua?"

Bi Thoa alikuwa na la kwake, na alikuwa amelisubiri mwaka mzima.

"Nitakupangia. Lakini siku ya kumi na tano yenyewe, mwezi ukishatoka, sinia ni la watoto wa kichochoro. Wanaingia, wanavunja, wanakula, hakibaki kitu. Hutaki, nenda kanunue mbwa wa plastiki."

"Hilo nalo la kuniuliza? Si hapa hapa nilikuwa navunja na mimi? Niligombea topetope na yule Hoan wa jirani mpaka akaning'ata mkono. Alama hii hapa."

Alama ilikuwepo kweli, na ndiyo iliyomfanya Bi Thoa amwamini.

Wakaanza. Sinia likawekwa katikati ya ua, taa kubwa za mpiga picha zikasimamishwa pembeni. Wakaja kina mama na mabinti zao waliovalishwa vilemba, wakaja wachumba, wakaja wasichana watano watano waliobadilisha nguo mara tatu katika saa moja. Wote walifanya mambo yale yale: wakaketi, wakainua komamanga karibu na mdomo, wakatabasamu, wakalirudisha. Binti wa mlangoni aliyekusanya tiketi alikuwa na wimbo wake: "Shika, usile. Shika, usile, mpenzi." Watoto walishika. Mmoja alilamba kidole, akakaripiwa na mama yake mpaka akalia, ikabidi wasubiri akaushwe uso ndipo picha iendelee.

Na Bi Thoa je? Tuseme ukweli, hakuchukia kama alivyotarajia. Walimvisha gauni la mahameli ya zambarau, wakamketisha kando ya sinia na balungi mapajani, na watu wasiomjua wakamwita bibi, wakamshangaa vidole. Msichana mmoja alimwomba kwa adabu zote kama angeweza kujipaka meno rangi nyeusi kidogo, kama walivyofanya mabibi wa kale, aonekane wa zamani zaidi. "Subiri nife, ndipo nitaonekana wa zamani kabisa," akamjibu, na wote wakacheka, naye akajikuta anacheka pia. Usiku akiwa peke yake aliona haya kwa ule ucheshi wake. Asubuhi alishuka tena mapema.

Kilichompendeza zaidi ni mbwa wenyewe. Zamani, mbwa wa balungi akilala usiku mmoja, kesho yake amenywea na manyoya yameshikana. Safari hii siku ya tatu alikuwa bado amesimama anang'aa. Bi Thoa aliamini ni mkono wake. Mkono wa miaka yote hiyo, alijiambia, sasa umekomaa. Ua ulikuwa unanukia saluni, lakini kwa wasichana wale waliokuwa wakitengeneza nywele pale kutwa, ungetegemea unukie nini?

Mwenye kumkata maini alikuwa Bi Tuat, muuza chai wa mdomoni mwa kichochoro, shoga yake wa tangu kiwandani na mdomo wake ni huo huo wa tangu kiwandani.

"Nasikia mbwa wako siku hizi wanabweka kwa tiketi," alisema, akimmiminia chai.

"Wewe uza chai yako."

"Chai yangu mtu akilipa anainywa. Ya kwako analipa anaitazama."

"Kumi na tano wanavunja. Nimeshakubaliana na Kien."

"Na mwaka jana alisemaje?"

"Mwaka jana hakuniambia kitu. Mwaka huu ameniahidi."

Bi Tuat akafuta benchi kwa kitambaa, polepole, pale ambapo hapakuwa na uchafu. "Siku ya tatu mbwa yule yule, nimemwona kwa mlango. Balungi gani hilo lisilooza?"

"Balungi linajua limeshikwa na nani," Bi Thoa akasema, na akaondoka kichwa juu.

Siku ya kumi na tano alianza na alfajiri. Alienda sokoni mwenyewe, akachagua mabalungi kwa kuyapima uzito viganjani, akapanga sinia ambalo hakuwahi kulipanga maishani: mbwa jike na watoto wake wanne, mmoja amelala chali. Topetope zilizoanza kufunguka zenyewe. Pepeta mbichi, bado zina umande wa shamba. Adhuhuri alipomaliza alikaa akilitazama, halafu akavua viatu vya mgahawa akavaa vyake, akatoka kwenda nyumba hadi nyumba.

Hakutuma mtu. Aligonga kila mlango wa kichochoro kwa mkono wake. "Leo jioni, mwezi ukitoka, waleteni watoto uani. Wanavunja sinia." Wengine hawakuamini. "Si pale panaingiwa kwa tiketi, bibi?" akauliza fundi pikipiki. "Leo tiketi ni mimi," akamjibu. Kwa Bi Tuat alimkuta mjukuu wake Nhim, msichana wa miaka sita asiye na meno mawili ya mbele, ameshatunga mbegu za balungi kwenye waya. Amezikausha juu ya bati tangu mwezi uliopita, kwa matumaini tu.

"Naweza kumla mbwa?" Nhim akauliza.

"Yupi?"

"Mkubwa. Kichwa."

"Kichwa ni chako. Atakayekugusa mlete kwangu."

Jioni ilipoingia akatoka chumbani amevaa ile mahameli, akawakusanya watoto mdomoni mwa kichochoro, kundi zima, wameoshwa nyuso, wengine na wazazi wao nyuma. Bi Tuat aliacha chungu chake cha viazi vitamu vya kuuza kikichemka akaja pia, akidai ni kumwangalia Nhim tu.

Mlangoni binti wa tiketi akawazuia. Kien akaitwa. Alikuja anatabasamu na jasho linamtoka.

"Mama mkubwa, kidogo tu. Kuna wageni wa kampuni, watengeneza mikate, wamekodi ua jioni hii yote. Wanapiga picha za tangazo. Wakimaliza, watoto wanaingia. Halafu nimewaandalia mifuko, kila mtoto na wake, ndani kuna mkate na soda."

"Sikuwaita waje kuchukua mifuko."

"Najua. Dakika chache, nakuomba."

Wakasubiri. Watoto walikaa chini kandokando ya ukuta, kimya mwanzoni, halafu wakaanza kusukumana. Ngoma ya simba ikapita barabarani ikaenda zake. Taa za plastiki ziliimba wimbo wao. Mwezi ukachungulia kati ya matangi ya maji, ukapanda, ukasimama mkubwa juu ya mapaa, na Nhim akavuta mahameli.

"Bibi, umeshatoka."

Fundi pikipiki akatazama saa. Mama mmoja akamshika mwanawe mkono, akasema labda mwaka mwingine. Bi Thoa akasikia ile labda. Akainuka, akamsukuma binti wa tiketi kwa bega, akaingia na watoto wote nyuma yake.

Ua ulikuwa unawaka kwa taa za picha. Wageni wa kampuni walikuwa wamesimama na masanduku yao mekundu, na katikati, sinia, zima, linang'aa kuliko alivyoliacha. Alichukua ngoma ndogo ya pambo iliyotundikwa ukutani, akaipiga kwa kiganja, na sauti ikatoka nene, ya kweli.

"Vunjeni," akasema.

Watoto wakaliangukia. Mikono ikapita kila upande, makomamanga yakabiringika, mtu akapiga kelele za furaha, na Bi Thoa akaona ua wake tena, ule wa zamani, kwa muda mfupi mno. Wageni walidhani ni sehemu ya onyesho. Wakapiga makofi, wakainua simu.

Kien alitoka mbio nyuma ya taa, mikono juu.

"Wasile! Mama mkubwa, wasile, lina dawa!"

Bi Thoa hakuelewa. Lakini alikuwa ameshainama juu ya sinia kumsaidia Nhim kung'oa kile kichwa cha mbwa, na ile harufu ya saluni ikampanda puani kutoka kwenye balungi lenyewe, si kwa nywele za mtu yeyote. Kidole chake kilichogusa manyoya kilinata. Akamtazama Nhim. Shavu la mtoto lilikuwa limejaa.

Alimpiga mkono. Kipande kikaruka. Kilichokwisha kuingia akakifuata kwa kidole, akambana mataya, akakichokoa kwa nguvu. "Tema. Tema nimesema." Na kwa wengine, kwa sauti ambayo hakuwa akijua anayo: "Acheni. Msile. Msiguse kitu. Usile wewe, weka chini." Akawa anaipiga ile mikono midogo midogo iliyokuwa bado inanyooka, huku na huku, mpaka watoto wakarudi nyuma wakalundikana ukutani, viganja tupu.

Mgeni mmoja akamgeukia mpiga picha. "Bibi anaweza kurudia kule mwanzo? Simu yangu ilikuwa haijaanza."

Nhim alikuwa analia kwa pumzi za kukatika. Bi Tuat akamnyanyua, akamwosha mdomo kwa maji ya chupa, mara tatu, nne. Hakumwambia shoga yake neno lolote, na mtu anayemjua Bi Tuat ataelewa uzito wa hilo.

"Ni dawa ya nywele," Kien alisema, sauti imeshuka. "Ya kopo. Taa zinakausha balungi, tukiacha bila kupuliza halifiki jioni. Ningekuambia ungekataa."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, mama mkubwa."

Ndipo akaelewa siku zile zote. Mbwa waliosimama siku tatu. Mng'ao. Mkono uliokomaa. Alikumbuka alivyomjibu Bi Tuat, kichwa juu, na uso ukamwaka kwa aibu.

"Nilidhani mifuko itawatosha," Kien akasema. "Kweli nilidhani. Watoto wa siku hizi hawajali balungi."

Bi Thoa alilibeba sinia mwenyewe, zito vile, akakataa kusaidiwa, akaenda kulimwaga kwenye pipa nyuma ya jiko: mbwa jike, watoto wake, topetope, pepeta za umande. Kien akamfuata hadi mlango wa jiko akasimama pale akikuna ile alama ya mkononi, akauliza taratibu kama kesho angeweza kupanga jingine, maana bado kuna watu wameshaweka nafasi hadi Jumapili. Bi Thoa akanawa mikono. Ile dawa haikutoka kwa maji, ikabidi asugue kwa majivu.

Alipotoka nje, kichochoro kilikuwa hakijalala. Bi Tuat alikuwa amefunua chungu, ametandaza viazi vitamu vyote vya biashara yake juu ya kifuniko cha bati, na watoto wamelizunguka benchi, wanameza na kupuliza vidole. Ule waya wa mbegu za balungi ulikuwa unaungua, umening'inizwa kwenye mwavuli, unapasuka pasuka. Hakuna aliyegonga sufuria. Hakuna aliyesema vunjeni. Kifuniko kilikuwa karibu kitupu.

Bi Thoa alisogea mpaka kwenye mwanga. Alitaka kusema kitu, hajui nini, labda kuomba radhi, labda kuuliza kama kimebaki kimoja. Nhim akageuka, akamwona na ile mahameli ya zambarau, na haraka akakificha kiazi chake nyuma ya mgongo.